Uliza Ujibiwe: Umeme wa bahari, tufunge wapi?

Toleo lililopita tuligusia umeme wa mawimbi na wa maji kujaa na kupwa, nikadhani watu wataruka ukurasa waende kwenye michezo, kumbe wapi, meseji zimeingia mpaka basi. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: saiti. Bahari tunayo kuanzia mpaka wa Kenya mpaka Msumbiji, sasa huo mtambo unafungwa wapi? Nimechukua chache, nyingine nimezikata maana zilikuwa ndefu mno, na majina yenu nimeyaacha pembeni kama kawaida.

*Kaka habari za kazi. Mimi navuka na pantoni kila siku, kuna siku maji pale mlangoni mwa bandari yanakimbia mpaka chombo kinasukumwa pembeni. Kwa nini wasifunge tabaini pale pale? Au wazibe kule Kurasini, maji yakijaa wafunge, yakitoka yazungushe mitambo? Naona umeme upo mlangoni tunauacha tu. — Msomaji, Kigamboni*

Ndugu yangu, hapo umeuliza maswali mawili kwa pamoja na kila moja lina saiti yake. Ukiziba mkono wa bahari ili maji yajae ndani afu yatoke kupitia tabaini, yaani mapanga yanayozungushwa na maji, unachotafuta ni kimo, yaani tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Ukitega tabaini katikati ya mkondo bila kuziba chochote, kimo hakikusumbui sana, unatafuta kasi. Watu wanachanganya haya mawili ndo maana utasikia mtu anasema bamvu letu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ni kubwa kwa hiyo tunafaa. Kubwa kwa kulinganisha na nani?

Tuanze na kuziba. Ufaransa kwenye mlango wa mto Rance walimaliza ukuta wao mwaka 1966, tabaini 24, megawati 240, na mpaka leo unafanya kazi. Pale maji yanapanda na kushuka wastani wa mita 8, na bamvu likiwa kubwa kabisa yanapita mita 13. Korea Kusini wana Sihwa, megawati 254, ulianza 2011, pale wastani ni kama mita 5 na nusu. Sisi hapa Dar siku za bamvu tunapata mita 3 na ushee, siku za maji mafu, pale maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, inashuka mpaka karibu mita 1. Na hesabu yake haina huruma, maana nishati inaenda na kimo mara kimo. Chukua kidimbwi cha kilomita moja ya mraba: kwa kimo cha mita 8, kila maji yakitoka yanabeba kama megawati-saa 89 kabla hujatoa hasara za mitambo, kwa mita 3 zinabaki 12 na nusu, na maji mafu yakiingia ukiwa na mita 1 unabaki na moja na kidogo. Yaani kwa siku kadhaa kila wiki mbili mradi wako umelala.

Sasa kwa ajili ya hiyo ukazibe Kurasini, uue mikoko ya Mtoni, ufunge njia ya mitumbwi na ulikusanye tope lote linaloshuka na mvua? Mimi nasema hapana. Hata hao Wafaransa, wakati wa kujenga walilifungia maji ya bahari lile eneo la ndani kama miaka 3, viumbe vingi vikafa, na ilichukua karibu miaka 10 hali kutulia. Sihwa ni habari nyingine kidogo, ukuta ulikuwepo tayari tangu miaka ya tisini, maji ya ndani yakachafuka vibaya, ndo wakasema bora tuyafungulie yatembee na tufunge mitambo hapo hapo. Kwa hiyo saiti yao walipewa na ukuta ambao ulishajengwa kwa shughuli nyingine, gharama kubwa ilishatoka, na hili nataka ulishike maana tutalirudia.

Sasa kasi. Hapa hesabu ni kali zaidi, ni kasi mara kasi mara kasi. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya mkondo ina nusu kilowati. Yakienda mita 2 inakuwa kilowati 4. Mita 3 inakaribia 14. Ndo maana wanaofunga hizi mashine hawaangalii sehemu ambayo kilele cha bamvu hakifiki mita 2 au 2 na nusu, na wanataka kina cha kama mita 20 mpaka 50 ili panga lipate nafasi ya kuzunguka na chombo kipite juu. Skotlandi ule mradi wa MeyGen uko kwenye mlango wa Pentland, kati ya nchi kavu na kisiwa cha Stroma, na sababu ya maji kukimbia vile sio wembamba peke yake, ni kwamba upande mmoja kuna Atlantiki na mwingine Bahari ya Kaskazini na maji hayajai kwa wakati mmoja, kwa hiyo upande mmoja ukiwa juu mwingine uko chini na maji yanaporomoka katikati kwenda na kurudi.

Kwetu ni kinyume. Mlango wa bandari unajaza mfuko mdogo tu wa ndani. Hata mlango wa Zanzibar ule mkubwa, kati ya Unguja na bara, maji yakijaa yanaingia kutoka kaskazini na kutoka kusini karibu wakati mmoja, yanakutana katikati yanatulia. Mtu akiangalia ramani anaona mlango mwembamba anafurahi, lakini hajauliza maji yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Na hata kama pale feri ungepata kasi ya kutosha, ndo njia pekee ya meli kuingia bandari ya Dar, imechimbwa ili meli kubwa zaidi zipite, nani atakuruhusu utege mapanga chini ya tumbo la meli?

*Mambo vipi. Mimi nakaa Mbezi Beach, kipindi cha kusi nikipita Barabara ya Obama naona mawimbi yanapiga ukuta mpaka maji yanarukia magari. Ufukwe wa Koko nao hivyo hivyo. Hiyo nguvu yote si inapotea bure? — Dada, Mbezi Beach*

Poa dada. Nguvu inapotea kweli, ila sehemu kubwa imeshapotea kabla haijafika ukutani. Wimbi likianza kuvunjika na kutoa povu maana yake linamwaga nishati yake, wewe unaona sinema lakini mwenye mtambo alitaka kulikamata kule nje kabla halijagusa mwamba.

Wimbi linapimwa kwa kilowati kwa kila mita ya upana wake. Ukitaka makadirio ya haraka chukua kimo mara kimo, zidisha na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, afu gawa kwa mbili. Wimbi la mita 1 lenye sekunde 8 linakupa kama kilowati 4. La mita 2 sekunde zile zile, 16. La mita 3 sekunde 10, karibu 45. Ufukwe wa Atlantiki kule Ireland na Skotlandi wastani wa mwaka mzima unapita kilowati 40, kwa sababu upepo umesukuma maji maelfu ya kilomita bila kukutana na kitu. Sisi tuna Madagaska kule kusini mashariki inakinga sehemu ya mawimbi marefu yanayotoka mbali, tuna Unguja, Pemba na Mafia, na hapa hapa Dar tuna Mbudya, Bongoyo, Sinda na miamba yake. Kila kimoja kinakata kidogo. Ndo maana bandari iliwekwa hapa, watu wa zamani walitafuta maji yaliyotulia. Ukichagua mji kwa sababu bahari yake ni pole, usije ukalalamika kwamba haikupi umeme.

Ila wazo la ukuta sio baya kabisa, tena hilo ndo wazo zuri kuliko yote yaliyoingia wiki hii. Hispania, mji mdogo unaitwa Mutriku, walikuwa wanajenga ukuta wa kukinga bandari yao ya wavuvi, wakaweka vyumba ndani ya ukuta. Wimbi likiingia chumbani linasukuma hewa juu, hewa inazungusha tabaini, likitoka linavuta hewa inazungusha tena. Mitambo 16, jumla haifiki hata kilowati 300, ulianza 2011. Kidogo, ndio, lakini hakuna kitu kinachoelea baharini kukatika kamba, fundi anaingia kwa mlango na suruali yake kavu. Unaona tena habari ya ukuta wa shughuli nyingine.

Shida ya Obama ni ile mita 3 ya bamvu. Maji yakikupwa yanakwenda kule, ukuta unabaki unaangalia mchanga na watoto wanaookota kombe. Chumba cha hewa kinataka mdomo wake uwe chini ya maji saa zote. Kwa hiyo kama kuna siku tutajenga ukuta wa bandari mahali penye kina cha kutosha na panapoangalia bahari kuu, tuulize hilo swali kabla zege halijamwagwa.

Sehemu za kuanza kupima mawimbi kwa maoni yangu ni zile zilizo wazi upande wa mashariki: Kimbiji na Ras Kutani kwa huku Kigamboni, mashariki ya Unguja, mashariki ya Mafia. Kule Paje na Jambiani mwamba uko mbali na ufukwe, nje yake kina kinashuka ghafla, na hiyo ina faida na hasara. Faida ni kwamba kebo inakuwa fupi. Hasara ni kwamba unatoka kwenye maji ya magotini ukaingia kwenye kilindi, ile kina ya katikati ambayo mashine nyingi zinapenda ni ukanda mwembamba.

Na usiangalie wastani tu. Saiti yenye mawimbi ya kati lakini dhoruba chache inaweza kukulipa kuliko yenye mawimbi makubwa, maana chuma unakilipia kwa ajili ya siku mbaya kuliko zote na sio kwa ajili ya siku ya kawaida. Hapo sisi tuna bahati, vimbunga vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Lakini bahati sio mkataba, Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, na Lindi wazee wanakumbuka kimbunga cha 1952.

*Ule mkondo mkubwa wa bahari unaopita nje kwenda kaskazini mwaka mzima, huo haufai? Haupwi wala haujai. — Msomaji, Tegeta*

Umefikiria vizuri maana kutolala ni sifa kubwa. Tatizo kwa sehemu kubwa unatembea kama mita 1 kwa sekunde, kusi likivuma unaongezeka, kaskazi likija unalegea. Kwa mita 1 umeshaona, nusu kilowati, na uko kwenye kina ambacho nanga yenyewe ni mradi. Tuuache kwanza.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Dar, nataka mradi wangu wa mwisho uwe kuchagua saiti ya tabaini za maji kujaa na kupwa. Naanzia wapi na napima nini? Msimamizi wangu anasema tumia data za setilaiti zinatosha. — Mwanafunzi, Ubungo*

Marahaba mdogo wangu. Msimamizi wako yuko sahihi nusu. Kwa mawimbi, data za setilaiti na za modeli za miaka mingi ndo mwanzo mzuri, zinakuonyesha mwaka hadi mwaka na kusi dhidi ya kaskazi. Kwa mkondo wa maji katikati ya miamba na visiwa hazitoshi hata kidogo, modeli yenye vijumba vya kilomita kadhaa haioni mlango wa mita 300, inaupita juu tu kana kwamba haupo.

Mimi ningeanza na vitu vya bure. Tafuta jedwali la maji la bandari, tafuta chati za mabaharia zenye vina, panga sehemu ambazo bahari inabanwa kati ya kisiwa na kisiwa au kwenye mkato wa mwamba. Afu funga laptop nenda ukaongee na manahodha na wazamiaji. Wale wanajua ni wapi maji yanakata, ni saa ngapi baada ya kujaa, na bamvu la mwezi gani ndo kali. Hawatakupa mita kwa sekunde lakini watakuokolea pesa za kwenda kupima mahali pasipo na kitu. Ukitaka namba za kuanzia tupa boya dogo lenye GPS lililofungwa kitambaa chini yake ili lishikwe na maji na sio na upepo, lifuate na boti, utajua kasi ya juu.

Baada ya hapo ndo kifaa cha kupima mkondo kwa sauti, kinalala chini ya bahari kinaangalia juu, kinakuambia kasi kwa kila kina. Kiache angalau siku 30. Sio kwa sababu mwezi mmoja unapendeza kwenye ripoti, ni kwa sababu bamvu na maji mafu vinazunguka kwa siku 14 na robo tatu hivi, ukikaa mizunguko miwili unaweza kutenganisha mvuto wa mwezi na wa jua, ukishavitenganisha unatabiri miaka mbele. Huo ndo uzuri wa maji kujaa na kupwa, hayana kubahatisha. Mawimbi huwezi kuyafanyia hivyo, yanataka boya la kupima likae mwaka mzima usikose kusi, na hata huo mwaka mmoja unaupima dhidi ya modeli ya miaka mingi maana unaweza kuwa umepata mwaka mpole.

Angalia chini pia, mwamba au mchanga unaohama, na kama uko karibu na mdomo wa Rufiji jua kwamba tope linatembea. Angalia umbali mpaka laini ya umeme ya karibu na hiyo laini inabeba kiasi gani. Na vibali anza mapema, utafiti una COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), mazingira NEMC (baraza la mazingira), ukiingia hifadhi kuna watu wa hifadhi za bahari, ukivuka kwenda Unguja wana mamlaka zao. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya chuo kikuu iko Unguja, waandikie, wana watu wanaozifahamu hizi pwani vizuri sana. Mradi wa mwisho haukutoshi kumaliza yote haya, chagua mlango mmoja tu uufanye vizuri.

*Chumvi haili hizo mashine? — Msomaji, Mbagala*

Inakula, lakini mafundi wa meli wanajua kupigana nayo. Mimi naogopa zaidi vile viumbe na magugu vinavyoganda chini ya chombo, mwenye jahazi yeyote anajua, ukiliacha bila kulikwangua linakuwa zito. Maji yetu ya moto vinaota haraka kuliko Skotlandi. Kwa hiyo unapochagua saiti uliza chelezo (pa kupandishia vyombo kwa matengenezo) na boti yenye kreni viko umbali gani, na kuna siku ngapi kwa mwaka bahari inakuruhusu kunyanyua mashine. Mahali penye mawimbi mazuri mwaka mzima ni mahali ambapo fundi hafiki mwaka mzima. Kule visiwa vya Orkney, Skotlandi, ambako dunia nzima inapeleka mashine zake kujaribu tangu 2003, walichofanya ni kuweka kebo na vifaa vya kupimia tayari, na bandari zipo karibu, mtu anakuja na mashine yake anachomeka.

*Bwana mhariri, sisi wavuvi wa Kunduchi tukisikia mradi wa bahari tunajua kinachofuata ni boti ya doria. Hiyo saiti mnayoichagua na sisi tumo? — Mzee, Kunduchi*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako lina haki yote na sitakudanganya. Ukifunga tabaini au mashine ya mawimbi, eneo linalozunguka linakuwa halitupwi nyavu wala nanga, na njia ya kebo hivyo hivyo. Nyie mnaijua ile kebo ya umeme inayotoka Ras Kiromoni kwenda Fumba, iko jirani yenu.

Wachoraji wa saiti wengi wanaweka ramani ya nguvu ya bahari kwanza, wakishapenda sehemu ndo wanakuja kuwauliza wavuvi, na hapo wanaulizwa kama kukamilisha fomu. Mimi naona ramani ya wavuvi iwe ya kwanza kabisa kuchorwa: wapi mnategea, wapi mnapita usiku, wapi madago (kambi za wavuvi) yanakaa kusi na wapi kaskazi. Na isiwe na wanaume wenye boti tu, maana mashariki ya Unguja wenye bahari ile ya ndani ya mwamba ni akina mama wa mwani na waokotaji wa pweza, kebo ikitoka nje inapita kwenye vitalu vyao. BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia bahari yao, zipo, zitumike, na makubaliano ya fidia yaandikwe kabla boti ya vipimo haijaja, sio baada.

Kuna wengine pia hawana BMU. Nyangumi wanapita huku kipindi cha kusi, kasa wanataga, na nguva waliobaki wako upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Ireland Kaskazini walipofunga tabaini kwenye mlango wa Strangford mwaka 2008 masharti yalikuwa kwamba sili (mnyama wa baharini) akikaribia mashine inazimwa, wakakaa wakiangalia miaka. Ukiwa na saiti ya namna hiyo hesabu zako za umeme upunguze saa za kuzima. Na Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, huko hata tusijadili.

*Kaka mimi kwetu Mafia, nafanya biashara Kariakoo. Mnaongelea Dar tu. Kwetu umeme miaka na miaka ni majenereta ya dizeli, na maji pale mlango wa Kinasi yanakimbia mpaka wazungu wa kuzamia wanasubiri saa maalumu. Kwa nini isiwe Mafia? — Msomaji, Kariakoo*

Swali lako nimeliweka mwisho makusudi lakini lilistahili kuwa la kwanza. Wote waliotangulia wameanza na bahari, wewe umeanza na mteja, na mimi naamini saiti inaanzia kwenye swichi ya mteja ndo inarudi nyuma mpaka baharini. Hapa Dar umeme wa bahari utashindana na gesi ya Songo Songo na Mtwara na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, utapigwa asubuhi kweupe. Kisiwani unashindana na dizeli inayopandishwa kwenye boti, na hapo hata mashine ya gharama inaanza kuonekana.

Kinasi mkondo ni mkali kweli, ghuba ya Chole inajaa na kutoka kupitia milango michache kwa hiyo maji yanabanwa. Lakini ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995, matumbawe yake ndo yanaleta hao wazungu wako, na eneo lenyewe ni dogo. Huwezi kujaza mashine pale kama mishikaki. Mimi nisingeigusa Kinasi, ningetafuta mlango ulio nje ya sehemu zilizofungwa kabisa, nipime, na nikikuta kilele cha bamvu hakifiki mita 2 kwa sekunde niondoke bila kinyongo.

Afu kuna jirani mgumu anaitwa jua. Kwa leo paneli na betri zitashinda kwenye visiwa vingi, tusidanganyane. Pale ambapo maji yana hoja yake ni usiku na wakati wa mawingu, mkondo unatembea saa hizo hizo na unajua miaka kabla utatembea kwa kiasi gani. Ila una vituo vinne kwa siku, maji yakijaa na yakikupwa yanasimama kidogo kabla ya kugeuka, hiyo betri ndogo inaziba. Maji mafu ndo kazi, betri haiwezi kukubebea siku nne tano, kwa hiyo unahitaji jua au jenereta ya akiba. Unachanganya, na mtambo wa maji unaufanya mdogo, makumi ya kilowati sio megawati, ambapo hata masharti ya leseni yanakuwa mepesi zaidi kuliko mradi unaopita megawati 1.

Ukitaka kuanza huko kwenu, usianze na kununua mashine, kuna watu mtandaoni wanauza vitabaini vya ajabu ajabu vimeandikwa kilowati 10, ukisoma yale maandishi ya herufi ndogo utakuta ni kwa mita 3 kwa sekunde, ukikiweka kwenye mita 1 na nusu kinakupa moja ya nane. Anza na daftari la matumizi. Kiwanda cha barafu cha samaki kinakula kiasi gani na saa ngapi, hospitali, nyumba za wageni kwa msimu. Barafu ni mteja mzuri sana wa maji kujaa na kupwa kwa sababu haijali umeme umekuja saa saba mchana au saa saba usiku, ikishaganda imeganda. Ukishakuwa na hilo daftari nitumie namba zake, toleo lijalo tutapiga hesabu hapa hapa mlango wa upana gani na kasi gani ungetosha kugandisha hiyo barafu.